Kupunguza gharama bila kupunguza watu: Funzo la viwanda kwa mafundi wa Nakivale na Mbarara

Bei ya malighafi, umeme na usafiri inapopanda, wenye karakana nyingi hukimbilia njia mbili: kumwachisha mtu kazi au kupunguza ubora wa bidhaa. Ipo njia ya tatu, iliyozaliwa katika viwanda vya Japani na ambayo leo inafundishwa katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Nayo ni kutafuta ubadhirifu uliojificha ndani ya kazi yenyewe na kuuondoa.

Makala haya yanaeleza njia hiyo ni ipi, inavyofanya kazi, na inavyoweza kuwafaa wenye vinu vya mahindi, watengenezaji wa sabuni, waokaji na washonaji wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale na wa jiji la Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda.

Kwa nini jambo hili lina uzito sasa

Nakivale, iliyoko katika wilaya ya Isingiro, ni miongoni mwa makazi ya kale zaidi ya wakimbizi barani Afrika. Ilianza mwaka 1958, ikiwapokea watu waliotoka Rwanda. Leo wanaishi humo Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengineo, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha sokoni na kazini.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kufungua biashara, na kwa miaka mingi haki hiyo ilikwenda sambamba na mgao wa chakula. Sasa mgao huo umepungua. Mwezi Julai 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, liliwagawa wakimbizi katika makundi matatu. Wenye uhitaji mkubwa zaidi walipata asilimia 60 ya mgao kamili, kundi la pili asilimia 30, na wale waliohesabiwa kuwa wanaweza kujitegemea hawakupata kitu. Mwezi Mei 2025 shirika hilo lilitangaza kwamba, kwa ukosefu wa fedha, takriban watu milioni moja nchini Uganda wameondolewa katika msaada wa chakula.

Kwa familia iliyohesabiwa kuwa inajitegemea, kinu, cherehani au sufuria ya sabuni si kazi ya ziada tena. Ndiyo chakula chenyewe. Shilingi inayopotea katika karakana hiyo hupotea mezani.

Chimbuko: kiwanda kilichokosa fedha

Mwaka 1950 kampuni ya magari ya Toyota ilikaribia kufilisika. Wafanyakazi waligoma, wengi wakapoteza kazi, na mwanzilishi wa kampuni, Kiichiro Toyoda, akajiuzulu. Kampuni hiyo haikuwa na fedha za kununua mitambo mikubwa kama ya washindani wake wa Marekani, wala ghala za kulundika vipuri vya miezi mingi. Ilibidi itengeneze magari kwa kidogo ilichokuwa nacho.

Mhandisi Taiichi Ohno ndiye anayetajwa zaidi katika kuujenga mfumo ulioiokoa. Alichukua mawazo mawili. La kwanza lilitoka kwa baba yake Kiichiro, Sakichi Toyoda, aliyebuni mashine ya kufuma nguo iliyosimama yenyewe uzi ulipokatika, ili isiendelee kufuma nguo mbovu. La pili lilitokana na maduka makubwa ya Marekani, ambako rafu hujazwa tena baada ya mteja kuchukua bidhaa, wala si kabla. Kutokana na hilo Ohno aliweka kadi, kwa Kijapani kanban, iliyosafiri kutoka hatua ya mbele ya kazi kwenda hatua ya nyuma ikisema: tumetumia kiasi hiki, tengenezeni kiasi hiki.

Uboreshaji huo wa kila siku, wa hatua ndogo ndogo zinazotoka kwa wafanyakazi wenyewe, huitwa kaizen. Ethiopia ilianzisha taasisi yake ya kaizen mwaka 2011. Tanzania, kupitia wizara yake ya viwanda na kwa msaada wa shirika la maendeleo la Japani, JICA, ilianza kuufundisha kwa wenye viwanda mwaka 2013. Mwaka 2017 JICA na shirika la maendeleo la Umoja wa Afrika, NEPAD, walizindua mpango wa kuueneza barani kote.

Ubadhirifu wa aina saba

Ohno aliutaja ubadhirifu wa aina saba. Ili tuuone vizuri, na tuingie katika kinu cha mahindi cha kawaida, cha aina inayopatikana katika kila kituo cha biashara cha Isingiro.

Wa kwanza ni kuzalisha kupita mahitaji: kusaga magunia ishirini wakati wateja wa wiki hii wananunua kumi. Wa pili ni kusubiri: mtu na mashine wamekaa kwa sababu mahindi hayajafika, umeme umekatika, au mkanda umekatika na wa akiba hakuna. Wa tatu ni kubeba bila sababu: gunia linashushwa nyuma ya jengo, linapelekwa mbele kupimwa, kisha linarudishwa nyuma kusagwa.

Wa nne ni kuchakata kupita anachohitaji mteja. Mahindi yanayokobolewa kwa unga mweupe wa daraja la kwanza hutoa takriban kilo 60 hadi 70 za unga kwa kila kilo 100, na zinazobaki huwa pumba. Ikiwa shule inayonunua inakubali unga usiokobolewa sana, kuukoboa ni kutumia umeme ili kupata unga mchache zaidi. Na palipo na ulazima wa kukoboa, pumba ni chakula cha mifugo chenye soko katika eneo hili la wafugaji. Kuiacha ilowe mvua ni kutupa bidhaa ya pili.

Wa tano ni akiba inayolala, yaani fedha iliyogeuzwa magunia na kukaa. Wa sita ni mwendo usio wa lazima: kuzunguka kutafuta spana, kuinama mara mia kwa siku kwa sababu mizani iko sakafuni. Wa saba ni kasoro: unga wenye mchanga, unga wenye ukungu, gunia lililopungua uzito.

Katika orodha hii hakuna mahali paliposemwa mshahara ni ubadhirifu. Kinachoitwa ubadhirifu ni muda, nguvu na malighafi visivyomwongezea mnunuzi thamani yoyote.

Kasoro nane hula faida kiasi gani?

Watu wengi huona kasoro chache kuwa jambo la kawaida. Hesabu inaonyesha vingine.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kipande cha sabuni kinagharimu shilingi 800 kukitengeneza na kinauzwa shilingi 1,000. Vipande 100 vinagharimu shilingi 80,000. Vyote vikiuzwa, faida ni shilingi 20,000. Lakini vinane vikivunjika au vikikataliwa, mauzo yanakuwa shilingi 92,000 na faida inashuka hadi shilingi 12,000. Kasoro za asilimia 8 zimekula asilimia 40 ya faida.

Fundi asiyetaka kushughulikia kasoro hizo atasema: nitatengeneza zaidi. Kwa kiwango hicho cha hasara, itamlazimu atengeneze vipande vipatavyo 167 ili apate faida ileile ambayo angeipata kwa vipande 100 vizima. Atafanya kazi zaidi na kununua mafuta zaidi ili afike palepale.

Kasoro za sabuni nyingi huanzia kwenye kipimo. Kilo 10 za mafuta ya mawese huhitaji takriban kilo 1.4 za kostiki soda. Ikizidi, sabuni huunguza ngozi. Ikipungua, hubaki na mafuta na haitoi povu vizuri. Anayepima kwa kikombe hawezi kuwa na hakika, kwa kuwa kikombe cha chembe kubwa na kikombe cha unga laini havilingani kwa uzito. Mizani ndogo hurudisha bei yake upesi. Na usalama hauachwi nyuma: kostiki soda ndiyo humiminwa ndani ya maji, kamwe si maji juu ya kostiki soda, na mikono na macho hukingwa.

Umuhimu wa kutopoteza mafuta ulionekana wazi mwaka 2022, bei ya sabuni ilipopanda sana nchini Uganda. Mafuta ya mawese yalikuwa yamepanda duniani kote, na kati ya Aprili na Mei mwaka huo Indonesia ilizuia kwa muda kuyauza nje. Fundi wa Nakivale hana uwezo juu ya uamuzi wa Jakarta. Ana uwezo juu ya mafuta yanayomwagika kwenye sakafu yake.

Akiba haiozi, lakini mahindi huoza

Wahenga walisema akiba haiozi. Ni kweli kwa fedha iliyowekwa vizuri. Kwa mzigo uliolundikwa, methali hii inahitaji tahadhari.

Sabuni iliyotengenezwa bila kuchemshwa huhitaji wiki nne hivi kukomaa. Tuseme fundi anauza vipande 100 kwa wiki. Akitengeneza 400 kwa mkupuo mmoja kila mwezi, kuna wakati atakuwa na 400 vinavyokomaa na 400 vingine vinavyosubiri kuuzwa. Fedha ya vipande 800 imefungwa rafuni. Akitengeneza 100 kila wiki, hatazidi vipande 500 au karibu yake. Mauzo ni yaleyale, ila mtaji uliofungwa ni mdogo zaidi. Tena, siku mchanganyiko ukiharibika atapoteza 100 badala ya 400.

Kwa mahindi hatari ni kubwa zaidi. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5, na sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini isizidi sehemu 10 kwa kila bilioni. Mwezi Machi 2021 Kenya ilisimamisha kuingizwa kwa mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hiyo, kisha ikaruhusu tena kwa masharti. Sumu hiyo hudhuru ini, na kuipika hakuiondoi. Mzigo uliolowa ni hasara kwa mwenye kinu na hatari kwa mlaji.

Kuuliza "kwa nini" mara tano

Hapa hutumika mbinu nyingine ya Toyota: kuuliza "kwa nini" hadi chanzo kipatikane. Unga umerudishwa kwa sababu unanuka. Kwa nini? Mahindi yalikuwa na unyevu. Kwa nini? Yaliingia ghalani kabla ya kukauka. Kwa nini? Hayakupimwa yalipopokelewa. Kwa nini? Hapakuwa na kipimo mlangoni. Kwa nini? Hakuna aliyekabidhiwa kazi hiyo.

Jibu la kwanza lingemfanya mwenye kinu amkaripie msagaji. Jibu la mwisho linamwelekeza kwenye tiba ya bei ndogo. Chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu na mahindi, tikisa, kisha acha itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu wa mahindi umezidi takriban asilimia 15 na hayafai kuwekwa ghalani. Chumvi isiponata, angalau yameivuka hatua hiyo. Kipimo hiki si sawa na mashine, lakini kinaziba mlango mkubwa zaidi wa hasara. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wenye viwanda vya maziwa wa Mbarara wanalijua somo hili. Eneo la kusini-magharibi linaongoza kwa maziwa nchini Uganda, na jiji hilo lina viwanda vinavyotengeneza maziwa ya muda mrefu na ya unga kwa soko la ndani na la nje. Maziwa yasiyopozwa huanza kuharibika ndani ya saa chache, kwa hiyo hupimwa kwenye kituo cha kukusanyia kabla ya kuchanganywa. Debe moja lililochacha likigunduliwa mlangoni, hasara ni debe moja. Likigunduliwa baada ya kumiminwa, hasara ni tangi zima.

S tano kwa Kiswahili

Pa kuanzia pa kawaida ni utaratibu wa mahali pa kazi, unaojulikana kama S tano. Wataalamu wa Tanzania, walioanza kuutumia hata katika hospitali, wameupa majina ya Kiswahili: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia.

Sasambua ni kutenganisha kinachotumika na kisichotumika, na kukiondoa cha pili. Seti ni kukipa kila kifaa mahali pake, karibu na mkono unaokihitaji. Washonaji wanaweza kuchora umbo la mkasi ukutani ili ukikosekana ionekane mara moja. Safisha ni kusafisha huku ukikagua, kwa maana nati iliyolegea huonekana mashine inapofutwa vumbi. Sanifisha ni kukubaliana namna moja ya kufanya kazi na kuiandika kwa lugha ambayo wote wanaisoma. Katika karakana yenye Mkongomani, Mrundi na Mganda, mara nyingi lugha hiyo itakuwa Kiswahili, na michoro itasaidia zaidi. Shikilia ni kuendelea hata msimamizi asipokuwapo. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote.

Umeme nao una utaratibu wake. Kwa viwanda vya kati na vikubwa nchini Uganda, bei hubadilika kwa saa: ni ya juu zaidi kuanzia saa 12 jioni hadi saa 6 usiku, na ya chini zaidi kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi. Kiwanda kinachoweza kuhamisha kazi ya kupoza au kusaga kutoka saa za jioni hupunguza ankara bila kuzima mashine hata moja.

Mipaka ya njia hii

Ingekuwa kosa kuiga kila jambo kutoka Japani. Mpango wa kupokea malighafi siku inapohitajika hutegemea barabara, umeme na wauzaji wa kuaminika. Toyota yenyewe iliadhibiwa. Mwezi Februari 1997 moto uliteketeza kiwanda cha Aisin, kilichokuwa karibu peke yake katika kutengeneza kifaa kidogo cha breki, na mistari ya magari ya Toyota nchini Japani ikasimama kwa siku kadhaa. Baada ya tetemeko na tsunami ya mwaka 2011, kampuni hiyo iliwataka wauzaji wake waweke akiba ya vipuri vya kielektroniki vya miezi kadhaa.

Kwa karakana ya Nakivale, ambako mvua hukata njia na mzigo wa dukani Mbarara unaweza kuchelewa, akiba fulani ni kinga. Swali la kujiuliza ni hili: mzigo huu unanilinda na nini? Mkanda mmoja wa kinu uliowekwa kando unalinda siku nzima za kazi. Magunia 30 yaliyonunuliwa kwa sababu tu nafasi ilikuwapo hayalindi kitu.

Mpaka wa pili ni watu. Anayejua wapi muda unapotea ni mtu anayesimama penye mashine. Mtu huyo hatasema ikiwa wazo lake la kuokoa saa mbili litamfanya mwenzake aachishwe kazi. Mgogoro wa mwaka 1950 uliifundisha Toyota hivyo, na baada yake usalama wa ajira ukawa sehemu ya mapatano na wafanyakazi. Mwajiri anayetaka mawazo yao hana budi kuahidi mapema kwamba saa zilizookolewa zitatumika kuongeza uzalishaji, kujifunza ufundi mpya au kupumzika, kisha aitimize ahadi hiyo.

Mpaka wa tatu ni ubora. Kupunguza kostiki soda, kufupisha muda wa kukausha au kupunja uzito wa gunia si kuondoa ubadhirifu. Ni kuuhamishia kwa mnunuzi. Bidhaa zinazotaka kufika katika maduka makubwa ya Mbarara na Kampala zinahitaji alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, na alama hiyo hutolewa kwa bidhaa inayotoka sawa kila mara.

Daftari la wiki moja

Hatua ya kwanza haihitaji mkopo. Inahitaji daftari, kalamu na saa. Kwa siku saba andika mambo manne: mashine ilisimama dakika ngapi na kwa sababu gani, vipande au kilo ngapi ziliharibika, mzigo gani ulikaa bila kuguswa, na mara ngapi mtu aliacha kazi kwenda kutafuta kifaa. Usimlaumu mtu wiki hiyo, maana lawama huficha takwimu.

Siku ya nane kaeni pamoja, msome, na mchague jambo moja tu, lile lililokula zaidi. Liulizeni "kwa nini" mara tano, jaribuni tiba ndogo kwa wiki moja, kisha pimeni tena. Ikifaa, iandikeni ukutani iwe ndiyo desturi. Isipofaa, mmepoteza wiki moja na mmejua jambo ambalo hamkulijua. Kisha mchukue la pili.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ilikuwapo midomoni mwa wafanyabiashara wa Kiswahili bila msaada wa mhandisi yeyote wa Japani, na karakana inayoifuata imekwisha kuanza kazi hii.